Grafu yako imelala chali au kifudifudi?

Nikiwa kidato cha tano nilikosa swali ambalo hadi leo sijalisahau. Grafu ilikuwa inashuka, nami nikaandika kwamba kasi ya badiliko inapungua. Nilipewa mkasi. Nilikaa wiki nzima bila kuelewa kosa liko wapi.

Nilielewa likizo, Kibirizi, nikimsaidia mama kuanika dagaa. Nilitenga beseni moja la dagaa wabichi, nikawaanika peke yao, na kila baada ya saa mbili nikawa nawakusanya na kuwapima. Kilo 20. Kisha 14, 10, 8. Uzito unashuka, hilo halina ubishi. Ila jua liliondoa kilo 6 kwanza, halafu 4, halafu 2. Nikayaandika mabadiliko hayo na alama zake: −6, −4, −2.

Nikaziangalia zile namba mpaka zikanikaa. Kutoka −6 kwenda −2 ni kupanda! Mtu aliyekuwa na deni la elfu sita akalipa hadi likabaki la elfu mbili, hali yake imepanda, japo bado anadaiwa. Uzito wa dagaa ulikuwa unashuka, na kasi ya badiliko ilikuwa inaongezeka. Vyote viwili kwa pamoja. Wanafunzi wengi ninaowafundisha sasa huteleza papo hapo, kwa sababu wanaidondosha ile alama ya kutoa.

Kwa hiyo uliza maswali mawili, na usiyachanganye. Thamani inapanda au inashuka? Hilo linajibiwa na derivativu ya kwanza, yaani kasi ya badiliko la thamani: chanya inapanda, hasi inashuka. Kasi yenyewe je, inaongezeka au inapungua? Hilo ni la derivativu ya pili, yaani kasi ya badiliko la hiyo kasi. Hiyo ya pili ikiwa chanya, grafu imelala chali, kama mtumbwi ulio majini. Ikiwa hasi, imelala kifudifudi, kama mtumbwi uliopinduliwa mchangani kusubiri kalafati. Grafu ya dagaa wa mama ilikuwa chali.

Jaribu na x³ − 6x² + 9x. Derivativu ya kwanza ni 3x² − 12x + 9, ya pili ni 6x − 12. Kati ya x = 1 na x = 3 fanksheni inashuka kutoka 4 hadi 0. Penye x = 2 kasi imefika −3, na ukishapita hapo inaanza kurudi kuelekea sifuri. Mtumbwi umegeuka kutoka kifudifudi kuwa chali, na bado tunashuka.

Ila usikimbilie kusema mtumbwi umegeuka kila unapoona derivativu ya pili ni sifuri. Kwa x⁴ derivativu hiyo ni 12x², nayo ni sifuri penye x = 0. Weka −1, unapata 12. Weka 1, unapata 12 vilevile. Pande zote mbili ni chanya: mtumbwi uko chali tangu mwanzo, haujageuka.