Maswali ya Wasomaji: Seli shina zilizomo kwenye damu yako

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana leukemia na vipimo vimeonyesha tishu zangu zinaoana na zake. Nimeambiwa seli za kumsaidia tayari zimo kwenye damu yangu. Mbona basi nichomwe sindano siku nne kwanza, badala ya kutolewa chupa moja ya damu leo? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Zimo kweli, ila tupige hesabu. Mtu mzima mwenye afya ana seli shina za damu (seli mama zinazozaa seli nyingine zote za damu), zile zenye alama ya CD34 juu yake, kama 1 hadi 5 hivi kwa kila mikrolita. Tuseme zako ni 3. Lita 5 za damu yako zitatoa milioni 15. Mdogo wako akiwa na kilo 60 anahitaji angalau milioni 120, yaani milioni 2 kwa kila kilo. Hata ukikamuliwa damu yote, utafikisha thumuni tu.

Sindano hiyo ni ya G-CSF, dawa inayochochea uboho, kwa kawaida mikrogramu 10 kwa kilo kwa siku. Huchochea neutrofili, aina ya seli nyeupe, za kwenye uboho kutoa vimeng'enya vinavyokata viunganishi vinavyozishikilia seli shina humo, nazo zikaachia na kuingia kwenye damu. Mifupa ya kiuno na mgongo huuma. Meza parasetamoli, aspirini achana nayo, maana mashine itakayochuja seli shina kutoka kwenye damu yako huondoka na plateleti pia, zile chembe za kugandisha damu. Kwenye mashine utakaa saa kadhaa. Midomo ikianza kufa ganzi mwambie muuguzi papo hapo: ile sitreti ya kuzuia damu isigande imefunga kalisiamu yako, na dawa yake ni kupunguza mwendo wa mashine au kukuongezea kalisiamu.

Kama una selimundu, sema kabla ya sindano ya kwanza. Kwa wagonjwa wa selimundu G-CSF imewahi kuleta vipindi vikali vya maumivu na hata vifo. Aliyebeba kinasaba kimoja tu hayumo kundi hilo, lakini naye aseme.

Nahesabu seli za CD34 kwa flosaitometa, mashine inayosoma seli mojamoja kwa mwanga wa leza. Sampuli ileile ya mtu mwenye afya hunipa 2, kisha 4, kisha 3. Nakosea wapi? – Mteknolojia wa maabara, Mwanza

Huenda kosa lako ni kuacha kusoma mapema, basi. Ukikusanya seli 9, kuyumba kwa 3 juu au chini ni kawaida, na hiyo ni theluthi nzima. Ukikusanya 100, kuyumba hushuka hadi asilimia 10. Ndiyo maana utaratibu wa 1996 wa ISHAGE, chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya seli za damu, unadai seli za CD34 zisipungue 100 na seli nyeupe zisipungue 75,000. Kwa mtu mwenye afya hizo 75,000 hazitoshi: seli za CD34 zikiwa 3 katika kila seli nyeupe 6,000, itabidi usome seli nyeupe 200,000.

Halafu kagua pipeti. Damu mikrolita 100, shanga (vitufe vidogo vya kuhesabia, ambavyo idadi yake inajulikana) mikrolita 100. Ukiweka shanga 90, jibu hupanda kwa asilimia 11, kwa kuwa seli zinagawanywa kwa shanga. Bonyeza kitufe cha pipeti hadi kituo cha pili ndipo uvute, toa hadi cha kwanza, mabaki yatupe; futa damu iliyoganda nje ya ncha. Shanga huzama, kwa hiyo geuzageuza kichupa taratibu kabla ya kuchota. Ukishapasua seli nyekundu kwa amoniamu kloridi, usioshe, maana kuosha kunamwaga seli. Weka pia 7-AAD, rangi inayotambulisha seli zilizokufa: seli hizo hunasa kingamwili za kipimo ovyo na kujifanya CD34.

Ni kweli seli za mtoto hubaki kwenye damu ya mama? – Mama wa watatu, Tanga

Kweli. Mwaka 1996 kundi la mtafiti Diana Bianchi huko Marekani lilikuta seli zenye DNA ya kromosomu Y, ile ya kiume, kwenye damu ya wanawake waliozaa watoto wa kiume, mmoja wao miaka 27 baadaye. CD34 peke yake haiwezi kuzitenga, kwani seli za mama na za mtoto zote huibeba. Y ilitafutwa kwa sababu mama hana yake. Kwa aliyezaa mabinti watupu kipimo hicho hakifui dafu.