Dakika 45 za Udaktari

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu wa kike anasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Ameniandikia kwamba atatetea tasnifu yake kwa dakika 45 tu, kisha mtu mwenye fimbo ataingia na kumkatisha, naye anataka nisimame kando yake kama mpambe. Je, dakika 45 zinatosha kumpa mtu udaktari? Na mahafali yatakuwa lini, ili nisafiri mara moja tu? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, utasafiri mara moja tu, kwa kuwa siku ya utetezi ndiyo siku ya mahafali. Shahada hukabidhiwa papo hapo, mtu mmoja mmoja, bila kusubiri msimu wa majoho kama ilivyo kwetu.

Kuhusu dakika 45, mtihani wenyewe umekwisha kabla hujapanda ndege. Huko watafiti wengi wa uzamivu ni waajiriwa wa chuo, wenye mkataba wa miaka minne na mshahara, ingawa wapo pia wanaotegemea ufadhili au wanaojigharimia. Mwaka wa kwanza hufungwa kwa tathmini nzito, ambayo asiyeivuka huweza kusitishiwa safari mapema. Baada ya hapo msimamizi mkuu, ambaye wao humwita promota, huikubali tasnifu, nayo hupelekwa kwa jopo la wataalamu wanaoamua iwapo inafaa kutetewa. Wakishakubali, huchapwa kitabu, pamoja na orodha ya kauli fupi ambazo mtahiniwa yuko tayari kuzitetea, baadhi zikiwa nje kabisa ya fani yake. Ndiyo maana kushindwa siku yenyewe ni nadra mno, na mimi naona utaratibu huo una busara kuliko ule wa kumfikisha mtu mbele ya jopo kabla ya kujua kama kazi yake imesimama.

Mwenye fimbo ni mshika fimbo wa chuo. Muda ukitimia huingia na kutamka kwa Kilatini „Hora est”, yaani saa imefika, na mtahiniwa huruhusiwa kuacha jibu lake njiani. Jopo huenda kushauriana, kisha hurejea na kumkabidhi shahada, na msimamizi humsifu hadharani.

Nawe umeitwa kwa neno linalokufaa kweli. Huko mpambe huitwa paranimfu, neno la Kigiriki lililomhusu msindikizaji wa harusi. Wapambe huwa wawili, husimama karibu na mtahiniwa wakiwa wamevaa kwa heshima, na hawaulizwi swali lolote. Katika jengo la chuo lililo mtaa wa Rapenburg kipo chumba kidogo, „chumba cha jasho”, ambamo watahiniwa husubiri, na waliofaulu huandika majina yao ukutani.

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya, Uholanzi ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, kwa hiyo lipeleke mara tu tarehe ya utetezi ikithibitishwa.