Kabla ya Kubadilisha Soketi ya GFCI kwenye Boksi la Umeme wa Jukwaani

Sisi tunaofunga vyombo vya muziki kwenye harusi na matamasha huku Marekani hutegemea boksi la kugawia umeme, lenye soketi za volti 120 ambazo, hasa jukwaa likiwa nje, hazifai kutumiwa bila kinga ya GFCI, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja. Soketi ya aina hiyo hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika takriban miliampia 5 hukata papo hapo, kwa kuwa huenda kiasi hicho kinapita mwilini mwa mtu.

Usikimbilie bisibisi. Soketi nyingi nilizoletewa zikidaiwa kuwa mbovu zilikuwa nzima kabisa. Amplifaya na mikisa huvujisha umeme kidogo kwenye ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) kupitia vichujio vyake vya ndani, na vikichomekwa vyombo vingi pamoja, uvujaji huo hujumlishwa hadi soketi inakata. Kebo iliyolala kwenye nyasi zenye umande nayo huleta matokeo yaleyale. Chomoa kila kitu, bonyeza RESET, kisha TEST. Ikifanya kazi vizuri, rudisha chombo kimoja kimoja mpaka kinachovujisha kijulikane. Ikiwa TEST haikati, au RESET haikai ilhali umeme upo na hakuna kilichochomekwa, hapo una sababu ya kulifungua boksi. (Anayekata pini ya ethi ili kuondoa mvumo kwenye spika simwiti fundi.)

Kuzima swichi hakutoshi: chomoa waya mkuu wa boksi na plagi yake iwe mahali unapoiona. Jaribu testa kwenye soketi unayojua ina umeme, pima ndani ya boksi, kisha rudi uijaribu tena palepale, maana testa iliyokufa huonyesha usalama usiokuwepo. Piga picha ya nyaya kabla ya kulegeza skrubu yoyote. Shaba iliyoungua au plastiki iliyogeuka kahawia ikatwe hadi kwenye shaba inayong'aa. Waya mweusi huenda kwenye skrubu ya rangi ya shaba, mweupe kwenye ya rangi ya fedha, na wa kijani kwenye ya kijani.

Panapokosewa zaidi ni LINE na LOAD, jozi mbili za skrubu za kufungia nyaya kwenye soketi. Umeme unaoingia hufungwa LINE. LOAD, ambayo kwenye soketi mpya hufunikwa kwa utepe wa njano, ni ya kulisha soketi zinazofuata tu. Ukizipishanisha, soketi nyingi za kisasa hukataa kuwaka, lakini za zamani zilibaki na umeme kwenye matundu ya mbele hata baada ya kukata.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kwamba soketi ya GFCI ya kawaida ya ukutani hutumia nyutro kuendesha sakiti yake ya kielektroniki. Nyutro ikikatika, kinga hulala huku waya wa moto ukiendelea kupitisha umeme. Kwa boksi linaloburutwa toka ukumbi hadi ukumbi, nyaya hulegea mara kwa mara. Kwa hiyo nunua soketi yenye namba ileile ya modeli iliyoelekezwa na mtengenezaji wa boksi, yenye ampia zilezile, hata kama bei inauma.

Funga boksi kwanza, ndipo uwashe na kujaribu TEST na RESET kabla ya kuchomeka chombo chochote. Soketi mpya ikikata bila mzigo, kosa limo kwenye nyaya za ndani, mara nyingi nyutro inayogusa ethi au inayotumiwa kwa pamoja na njia mbili za umeme, na kazi hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni.