Hiyo ni ajira, karatasi iite inavyotaka

Kamwene mdogo wangu. Umeuliza kama ni sawa makumbusho hapo Iringa kukuita mtu wa kujitegemea wakati unaingia saa mbili unatoka kumi na moja jumatatu mpaka jumamosi, funguo za makabati unashika wewe, fulana yao umevaa na ukiumwa unaomba ruhusa. Aisee hiyo ni ajira kabisa. Mtembeza wageni wa kujitegemea leo yuko Isimila kesho Kalenga, bei anapanga mwenyewe na akikataa kazi hakuna wa kumfokea.

Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, ukipangiwa muda, ukipewa vifaa au ukiwa unamfanyia kazi mtu mmoja tu, hata kimoja kati ya hivyo kinatosha uhesabiwe mwajiriwa mpaka wao wathibitishe vingine. Kwa hiyo likizo unayo na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inatakiwa iingie, hapo ndo panaponiuma maana mi nilikaa hivyohivyo miaka miwili nikatoka mikono mitupu.

Piga picha daftari la kusaini, tunza meseji za zamu. Wakikuachisha kazi nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, usikae unasubiri wakuite.