Maswali ya Wasomaji: Mgomo wa mafuta unashinda lini?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi ni dereva boda hapa Dodoma, kijiwe chetu kiko Majengo karibu na soko. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitoa bei mpya kijiweni hakukaliki, huyu anasema Wafaransa waligoma wakasikilizwa, yule anasema utaambulia virungu tu. Mbona kwingine wanashinda kwingine hawapati kitu?

JIBU: Poa mdogo wangu. Wafaransa hawakugomea bei ya soko, waligomea kodi ya mafuta, na hapo ndo penye siri. Wale wa vizibao vya njano walianza 17 Novemba 2018, wakaziba vipilefti na barabara, Desemba mwanzoni tu serikali ikafuta nyongeza ya kodi iliyokuwa ianze 2019. Kodi mkubwa anaifuta kwa kalamu.

Ila cheki Uingereza. Septemba 2000 wakulima na madereva wa malori, wala hawakuwa wengi, walienda kukaa getini kwenye mtambo wa kusafisha mafuta wa Stanlow na mingine, magari ya mafuta hayatoki, ndani ya wiki sheli nyingi zimekauka, na Novemba serikali ikalegeza kwenye ushuru. 2005 wakajaribu tena, getini wakatokea wachache mno, serikali ilishajipanga, halafu safari hiyo bei ilikuwa imerushwa na kimbunga Katrina kule Marekani, sasa unamgomea nani, kimbunga?

Nigeria Januari 2012 petroli iliruka toka naira 65 mpaka 141 hivi baada ya ruzuku kuondolewa, vyama vya wafanyakazi vikasimamisha nchi kama wiki, wakaishia kwenye 97. Angalau walikuwa na watu wa kukaa mezani. (Ruzuku yenyewe ilikuja kuondolewa 2023, siku rais mpya anaapishwa!)

Iran Novemba 2019 usiiguse, petroli ilipandishwa bei watu wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakauawa kwa mamia, bei ikabaki juu vilevile. Serikali ikiwa tayari kuua, mahesabu yangu yote hapo juu hayana kazi.

Kwa nyie wa Majengo, kabla ya kuzima pikipiki ulizaneni mnataka nini hasa. "Bei ishuke" hakuna wa kuijibu, ila ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa na bajeti ya 2023 ilipitishwa Bungeni hapohapo Dodoma, na aliyekuwa mbunge wenu wakati huo anajua alipigaje kura.