Simu ilizimika karibu na Gilman's ikiwa na asilimia 38: betri mbovu?

SWALI: Nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwenda kileleni, karibu na Gilman's Point, simu ilizimika ghafla ikiwa na chaji asilimia 38. Tuliposhuka kambi ya Kibo niliiwasha, ikawaka na asilimia 31. Fundi anasema ninunue betri mpya. Ni kweli? Na je, ramani ya simu ingefanya kazi kule bila mtandao? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pesa yako iache mfukoni kwanza. Hiyo ni kazi ya baridi, ingawa betri iliyochakaa nayo huwahi kushindwa. Baridi hupooza kemikali za betri ya lithiamu: chaji imo, ila haitoki kwa nguvu. Ukifungua kamera, simu inadai umeme mwingi kwa mkupuo, volteji inaporomoka, nayo inajizima.

Kwa hiyo simu ikae karibu na ngozi, si kwenye mfuko wa nje wa jaketi. Usiku ilale nawe ndani ya begi la kulalia, pamoja na pawabenki. Na jambo ambalo hata wazoefu hulisahau: simu iliyopoa kama barafu usiichaji. Chini ya nyuzi 0 lithiamu hujibandika kama utando wa chuma ndani ya betri, na uharibifu huo hautengenezeki. Ukifanya hivyo, fundi wako atakuwa amesema kweli: utahitaji betri mpya.

Ramani ingefanya kazi, kama uliipakua mapema. GPS haitegemei mnara. Simu inasikiliza setilaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu, na ikizipata nne inajua ulipo. Pakua ramani ukiwa Moshi (programu za OsmAnd au Organic Maps zinafaa), halafu ifungue ukiwa bado getini, maana bila mtandao huchukua dakika kadhaa kujipata mara ya kwanza. Baada ya hapo weka hali ya ndegeni, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta mnara huimaliza chaji bure. Kwenye kambi ya Horombo, ambako TTCL ilifikisha intaneti mwaka 2022, unaweza kuwasha mtandao uwasalimie wa nyumbani.

Ila usibishane na mwongozaji wako kuhusu urefu. GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye mahali. Ukifika kilele cha Uhuru simu ikasema mita 5,870, amini kibao: 5,895.