Re: Nimepewa kazi ya chuo kuhusu Dorgon wa Wamanchu, nianzie wapi?

Mdogo wangu, usianzie 1644, Wamanchu (watu wa kaskazini-mashariki mwa China) walipoingia Beijing, kama wengi wanavyofanya, anzia 1626 baba yake Dorgon, yaani Nurhaci mtawala wa Wamanchu, alipofariki na mama yake akalazimishwa kujiua amfuate mumewe, kijana hajafika hata miaka 15, hapo ndo utamwelewa. Miaka ya vita chini ya kaka yake, Hong Taiji aliyerithi kiti, ipitie fasta tu. 1643 Hong Taiji kafa, Dorgon angeweza kung'ang'ania kiti cha ufalme ila akakubali kiti apewe Fulin, mtoto wa Hong Taiji wa miaka 5, yeye Dorgon akawa mtawala kwa niaba yake, na kwangu huo ndo uamuzi mkubwa kuliko vita yoyote aliyopiga. Mwaka uliofuata Wu Sangui, jenerali wa utawala wa Ming wa China, akamfungulia njia pale Shanhaiguan, lango la Ukuta Mkuu, wakampiga Li Zicheng, kiongozi wa waasi aliyekuwa ameiteka Beijing, Dorgon akaingia Beijing.

Ila tafadhali usimpambe, amri yake ya 1645 ya kuwalazimisha wanaume wa Kichina kunyoa nywele mbele na kusuka mkia nyuma kama Wamanchu iliua watu wengi sana, ukikataa unakatwa kichwa, hiyo ipe kurasa za kutosha. Malizia na 1651, keshakufa tayari, wakamvua vyeo vyote, akaja kusafishwa jina na Qianlong, mfalme wa Kimanchu wa baadaye, 1778.